Faili la Marwa

Mjukuu wangu Bhoke,

Marahaba kwa shikamoo yako. Hapa Tarime tunaendelea. Bibi yako bado anabishana na goti lake, na yule mtamba uliyempa jina amezaa.

Unauliza kwa nini, katika utafiti wako wa sonona na wasiwasi, wazee wa huku waliolazwa wanajibu "hapana" kwa kila swali. Nitakujibu kwa habari ya Marwa, mwenzangu wa rika.

Mwaka tuliohamishiwa vijiji vya ujamaa nilikuwa muuguzi kijana. Marwa alilazwa wodini kwangu, amevunjika mguu. Mguu ukaunga, lakini yeye akaacha kula. Asubuhi moja akaniambia, "Silali. Moyo unaenda mbio kama nafukuzwa. Na kule walikotuhamishia, sioni kama ni kwangu."

Mimi na yeye tulitahiriwa siku moja, tukasimama bega kwa bega, hakuna aliyepepesa jicho. Basi nikamjibu kama tulivyozoea: "Hatukulia kwa kisu, leo tulie kwa mawazo?"

Alicheka. Hakunirudia tena na neno hilo. Juma lile akaruhusiwa, na kabla ya mvua tukamzika. Mengine sitayaandika.

Ukimkuta mzee anayecheka na kusema hapana, usifungue ukurasa mwingine upesi. Yupo mtu kama mimi aliyemfundisha jibu hilo.

Faili lake nililijaza kwa mkono huu unaokuandikia. Siku ile niliandika: Hana malalamiko.

Babu yako,
Chacha