Kichupa Ndani ya Chumvi

Yaya Kavira, mkubwa wangu, nakusalimu toka Goma, ambako shuka nyeupe ukiianika asubuhi unaianua ya kijivu kwa majivu.

Kabla volkano haijalipuka, sisi wauguzi tuligawa vichupa katika kambi ya Mugunga, kila mama ajichukulie mwenyewe kipimo cha kansa ya mlango wa kizazi. Leo mmoja wao, mukimbizi wa vita toka Kibumba, amerudi kwa miguu toka Sake alikokimbilia. Godoro lake limepotea. Kichupa kilikuwa ndani ya kopo la chumvi, kwani chumvi ndiyo inabebwa kwanza watu wakikimbia.

"Mulisema nisikiache," aliniambia.

Labo, ile maabara yetu, itatafuta alama juu ya ADN, yaani chembe za urithi, zinazoonyesha seli zinazogeuka kansa.

Wewe, hospitali unaiona ukiwa jikoni. Ninakupenda, yaya. Nenda upimwe.

Mdogo wako, Masika