Chanjo ya HPV ya Kijana Wetu

Baba Watoto,

Chai iko kwenye chupa. Fomu ya chanjo ya HPV ya mwanao iko hapa mezani, mimi nimeshatia sahihi. ~~Nawe tia ukipenda.~~ Tia sahihi, ataipitia saa saba.

Najua jana tulikubaliana kwamba hiyo ni ya wasichana. Asubuhi hii, nikimsuka jirani yetu muuguzi, nikamtangazia uamuzi wetu kwa maringo. Akageuka, nywele zimesukwa nusu: “Shoga, kirusi cha HPV huleta saratani hata kwa wanaume.” Mwanao akadakia, “Dada alichanjwa. Kwani mimi nina ngozi ya bati?”

Tulicheka mpaka kitana kikanidondoka. Nimefurahi mno tumejua mapema. Kwa binti hatukubishana hata dakika moja, na huyu naye tumemzaa sisi.

Mama Watoto