Mkanda wa Pajani

Jumatatu, 4 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limetulia na masikio bado hayapatani na simu. Nisamehe, lakini yangekuwa mazima nisingepata barua zako. Mimi mzima, nakula, nalala, na habari za uchumba usiniulize. Kukiwa na la kusema nitasema.

Wiki ya tatu sasa niko kwenye gari la wagonjwa. Si lile la enzi zako, la kitanda na dereva mwenye haraka. Siku hizi hospitali inaanzia pale pale mtu alipoangukia. Tuna mtungi wa hewa, mashine ya kushtua moyo, na dereva wetu, dada mmoja ambaye kicheko chake kinatosha kuwa king'ora.

Alhamisi tuliitwa duka la vioo. Fundi alikuwa kabeba kioo cha dirisha, kikampasukia mikononi. Damu ilikuwa inaruka mpaka ukutani. Nikabana kwa viganja viwili, wapi! Nikatoa mkanda wetu wa kuzuia damu, nikaufunga juu ya jeraha, nikazungusha kijiti chake mpaka damu ikakoma kabisa. Halafu nikamwandikia saa ya kuufunga kwenye paji la uso kwa kalamu ya wino mzito. Akanitazama: "Dada, unanipiga chapa kama gunia?" Hapo nikajua atapona. Daktari wa upasuaji kasema bila ule mkanda asingefika mlangoni.

Mwalimu wetu anasema zamani mkanda uliogopwa, eti unaua kiungo. Nawe ulifundishwa hivyo? Ukikubali nitakuita mtu wa kale mwaka mzima.

Bint kaka yako,
Chiriku


Jumatatu, 11 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. Goti lipo. Hongera kwa fundi wa vioo.

Nijibu jambo moja, bila mzaha. Mtu akifungwa mkanda huo pajani, unaweza kukaa muda gani? Na mtu mwingine akija akaufungua njiani, inakuwaje?

Nijibu hilo tu.

Shangazi yako


Jumamosi, 16 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Barua yako fupi mpaka nimeigeuza nyuma nikitafuta iliyobaki!

Haya, bila mzaha. Kiungo kinavumilia saa mbili bila shida kubwa, na hata zaidi ya hapo bora mguu kuliko roho. Kuufungua njiani ni marufuku. Hiyo ni kazi ya daktari, akiwa na vifaa na damu ya kuongeza. Ukiufungua, jeraha linaanza upya kwa mtu ambaye hana tena damu ya kupoteza. Mwalimu anatuambia ukiukuta umefungwa na umekaza, mshukuru aliyefunga, kisha ukimbie.

Kwani kuna nini?

Bint kaka yako,
Chiriku


Alhamisi, 2 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Wiki ya saba hii. Barua mbili zimekuja kwako, sikupata hata jibu moja. Nilimpigia jirani yako mshonaji, akasema u mzima, unakwenda dukani, unamwagilia bustani, ila hucheki. Basi si ugonjwa. Ni mimi. Nimesema nini? Ni lile la mtu wa kale? Nalifuta. Wewe ndiye uliyenifundisha kusafisha kidonda nikiwa bado sijui kufunga viatu. Nigombeze, lakini niandikie.

Bint kaka yako,
Chiriku


Jumapili, 19 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na unisamehe. Hukusema baya lolote. Ulisema kweli, nami ilibidi nikae nayo.

Unamfahamu Msumari, yule seremala mwembamba aliyekutengenezea dawati la shule. Miaka thelathini na moja iliyopita yeye na mdogo wake walikuwa kwenye kiwanda cha mbao, mdogo akiendesha msumeno mkubwa. Mimi nilikuwa nesi pekee wa zahanati. Asubuhi moja, saa nne, wakanibebea yule mdogo juu ya ubao. Msumeno ulikuwa umempitia pajani.

Msumari alikuwa amevua mkanda wa suruali yake, akaufunga juu ya jeraha na kuukaza kwa mpini wa patasi. Damu ilikuwa imekoma, mwanangu. Mgonjwa alikuwa anaongea. Aliniomba maji.

Nami nilipouona ule mkanda nikapandwa na hasira. Tulifundishwa kuwa ni ujinga wa watu wasiosoma, unaozesha mguu. Ukiukuta, ufungue, ubane kwa kitambaa. Nikaufungua ndani ya pikapu, tukimkimbiza hospitali. Damu ikaja, sikuiweza. Msumari akanishika mkono: "Nesi, acha niurudishe." Nikamsukuma. Nikamwambia hapa kuna mwenye kazi yake. Hatukufika hata njia panda. Kijana alifia mapajani mwangu.

Tuliporudi, watu wa kiwanda walikuwa wamejaa nje wakisubiri. Nikasema kwa sauti, sauti yangu ile ya wodini: "Mkanda wako ndio uliomuua."

Aliacha kiwanda wiki ile ile. Tangu hapo ni viti na madawati, peke yake karakanani. Mama yao alizikwa akiamini mwanawe mkubwa alimuua mdogo. Na mimi, Chiriku, niliamini hivyo hivyo, mpaka barua yako ya Machi.

Nataka kwenda kumwambia.

Shangazi yako


Ijumaa, 24 Mei

Shangazi yangu wa pekee,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea ndani ya gari la wagonjwa likiwa limeegeshwa. Dereva alinikuta nalia, akafunga mlango na kukaa nje kama mlinzi.

Nilimwuliza mwalimu bila kukutaja. Kasema kwa jeraha la paja na umbali ule, huenda angekufa hata hivyo. Nilipombana, akasema huenda angepona. Kasema pia vitabu vya wakati ule viliandika hivyo hivyo ulivyofanya, na waliovitii walikuwa manesi wazuri.

Nakuomba usiende. Mzee wa watu ameshazoea maisha yake, nawe moyo wako si wa chuma. Utampa nini? Mdogo wake hatarudi. Atakuchukia bure, na mji wenu ni mdogo, mtakutana kila siku dukani.

Nakuandikia hivi kwa kuwa nakupenda. Kama ni sawa, sijui.

Bint kaka yako,
Chiriku


Jumapili, 9 Juni

Mwanangu Chiriku,

Marahaba. U mzima? Dereva wako mpe salamu, nimempenda.

Umenishauri kwa mapenzi, nami sikukusikiliza. Kwenye ukoo wetu hilo si jipya.

Nilimkuta kwenye karakana yake anapiga randa mguu wa meza. Hakuinua macho.

"Nesi. Kiti kimevunjika?"

"Hapana. Nimekuja kwa habari ya mdogo wako."

Randa ikasimama. Nikasema yote nikiwa mlangoni, maana nilijua nikikaa nitashindwa. Nikasema mkanda wake ulikuwa umezuia damu, na kwamba mimi ndiye niliyeufungua. Nikasema wakubwa wangu walinifundisha vibaya, lakini mkono ulikuwa wangu, na maneno pale nje yalikuwa yangu.

Akakaa juu ya rundo la mbao.

"Kwa hiyo nilifunga sawasawa?"

"Sawasawa kabisa."

"Na ile patasi?"

"Hata patasi. Siku hizi wana kijiti chao, lakini kazi ni ile ile."

Akapangusa unga wa mbao magotini, ukiisha anapangusa tena. Kisha akasema, "Mama alikuwa hali chakula nilichokigusa. Miaka tisa, mpaka anakufa."



Akainuka. "Ulinihukumu mbele ya watu thelathini, Nesi. Leo unakuja kuniambia haya tuko wawili?"

Akashika randa yake, akanipa mgongo. Nikarudi nyumbani kwa miguu, na goti wala sikulisikia.

Shangazi yako


Alhamisi, 13 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nilikosea. Nilikuwa nakulinda wewe, yeye nikamsahau, na mimi ndiye ninayejiita mwokoaji.

Nimeomba ruhusa. Nitafika Jumamosi ya tarehe 29 na mikanda kumi ya mazoezi, kama watu wa kiwanda watanikubali niwafundishe kufunga. Dereva anataka kuja pia. Anakula sana, nakuonya mapema.

Bint kaka yako,
Chiriku


Ijumaa, 21 Juni

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, na karibuni wote wawili, mlaji na asiyekula.

Jumatano saa nne, mashine zilipozimwa kwa chai, nilikwenda kiwandani. Msimamizi aliniruhusu akidhani nakuja kuzungumzia chanjo. Wa zamani wamebaki saba. Alikuja pia mjane wa marehemu, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu. Nilikuwa nimempelekea habari nyumbani. Msumari nilimwachia ujumbe kwa mkewe. Sikumwona.

Nikasimama juu ya gogo, nikasema kwa sauti ile ile ya wodini. Nikamtaja marehemu. Nikasema kaka yake alifanya lililo sahihi na mimi nikaliharibu, kisha nikamtupia yeye lawama, na kila aliyerudia maneno yangu alirudia uongo bila kujua. Mjane alilia kimya kimya. Baadaye akaja akanishika mkono, akasema, "Ungekuja mama mkwe akiwa hai." Basi. Na ni haki yake.

Fundi mmoja wa msumeno akauliza, "Sasa Bibi, ikitokea leo tunafungaje?"

Kabla sijafungua mdomo, sauti ikatoka nyuma, karibu na lango. "Nitaonyesha mimi."

Msumari. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini. Alikuja huku anavua mkanda, mkono mmoja umeshikilia suruali, na watu wakacheka, naye pia kidogo. Miaka thelathini na moja alikuwa hajakanyaga pale.

"Nesi, lete mkono."

Nikampa. Akaufunga juu ya kiwiko, akapachika kipande cha ubao, akazungusha. Akazungusha tena.

"Inauma," nikasema.

"Ndivyo inavyotakiwa?"

"Ndivyo."

Akawageukia wenzake, akawaonyesha vidole vyangu vilivyobadilika rangi. Akaeleza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kuwa naye: mahali pa kufunga, namna ya kukaza, kwa nini usione huruma. Kisha akaniuliza, kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye magogo ya mwisho, "Na anayeufungua ni nani?"

"Daktari," nikasema. "Nesi akija njiani anataka kuufungua, mzuieni."

Akanitazama sana. Halafu akaulegeza taratibu, akaufikicha mkono wangu kwa viganja vyake vikavu mpaka damu ikarudi. Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza.

Jumamosi hiyo watawasubiri saa tatu. Msumari atakuwepo. Kasema mikanda yenu ataikagua kwanza kabla hajaiamini.

Shangazi yako