Chupa ya Bluu ya Shemeji

Kwako dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai u mzima, na fizi zako hazitoki damu tena. Mimi sijambo, mgongo tu unanisumbua kwa kuinamia midomo ya watu kutwa.

Hapa kliniki hatupumui. Daktari wetu wa meno analinganisha dawa mbili za kusukutua, ajue ipi inazuia zaidi ukoga na uvimbe wa fizi. Moja ni ya mafuta ya mimea, inawasha kama tangawizi. Ya pili, ya chupa ya bluu, ndiyo ile niliyokutumia. Hiyo inaongoza kwa mbali, ila ina kasoro yake: ukisukutua nayo huku unakunywa kahawa au chai ya rangi, meno yanageuka kahawia. Kazi yangu ni kugawa chupa na kuwaonya wagonjwa.

Basi wiki mbili zilizopita nani aliingia? Aliyekuwa mumeo, Bwana Kioo! Fizi zimemvimba, na Jumamosi hii inayokuja anaoa. Akaniita shemeji, bila hata haya. Shemeji! Mtu aliyekutangaza mbele ya mama kwamba mdomo wako unanuka, akakuacha unaongea umejiziba kwa kiganja mpaka leo. Damu ilinichemka, dada. Nikampa chupa ya bluu, nikamuuliza kama bado anapenda kahawa yake nzito. Akasema bila hiyo haishi. Nikamtakia kila la heri.

Jana karudi mbio, leso mdomoni. Fizi safi kabisa, hazina uvimbe. Lakini hayo meno, loo! Nilijifungia stoo nikacheka mpaka machozi. Daktari anadhani nilisahau kumwonya.

Sikusahau, dada. Mashemeji hutaniana, nami nikamtania.

Madoa hayo yakisuguliwa yanatoka. Daktari kasafiri, msuguaji nimebaki mimi peke yangu. Nimemwambia Bwana Kioo nafasi ipo Ijumaa, lakini kwanza aje akuombe radhi mbele ya mama, palepale alipokutukana. Aling'aka, akatukana, mwisho akakubali. Alhamisi atabisha hodi. Tafadhali usijizibe mdomo. Ukimsamehe, nipigie, nitamsugua. Usipomsamehe, mwache akaoe hivyohivyo, na kiganja mdomoni.

Nisalimie mama, mwambie siku hiyo asiende popote.

Ni mimi mdogo wako, nakungoja wewe tu, brashi mkononi.