Sahihi Kwenye Faili la Baba

Mwenzangu, acha unachofanya usome hii. Niko kwenye korido ya ofisi ya jeshi.

Si unajua Baba alivyoihangaikia ile nishani ya majeruhi wa vita? Leo tumemleta, mimi na Mama. Karani kafungua faili, kakuna kichwa: "Mzee, nishani yako ilishachukuliwa. Miaka thelathini na moja sasa."

Baba akawaka. "Mwizi gani huyo?"

Karani akageuza faili tuone. Sahihi ya Mama. YA MAMA! Aliyempigia Baba suti pasi asubuhi hii hii!

Na hakukana. "Ililetwa nyumbani pamoja na barua ya kukuita urudi kikosini, nikasaini mimi. Ulikuwa ndiyo kwanza umeacha magongo, na ungeenda. Nakujua, ungeenda. Barua nikaichoma, nishani nikaitupa chooni."

Chooni! Mbele ya karani!

Nikatoka. Nazunguka hapa kama kuku anayetaka kutaga, kila dakika nachungulia mlangoni. Wamekaa vilevile, bega kwa bega, hakuna anayemtazama mwenzake. Karani anajifanya anapanga karatasi.

Ngoja, Baba anaongea.

Mwenzangu! Unajua kauliza nini? Miaka yote hiyo, halafu kauliza, tena taratibu: "Utepe wake ulikuwa wa rangi gani?"

Na Mama akajibu hapohapo:

"Mwekundu, una mstari mweupe katikati. Niliivaa siku nzima kabla sijaitupa."