Runinga Inaganda, Lawama Anabebeshwa Mama

Mpendwa Bu Hartini, naomba msaada wako kabla nyumba yangu haijavunjika kwa sababu ya runinga, na tafadhali usinicheke, maana najua wengine wanakuandikia kuhusu waume wasiolala nyumbani, na wangu mimi hatoki hata mlangoni, yupo hapa hapa Kudus, kwenye kochi, anatazama mpira wa vinyoya.

Mume wangu, Mas Gunarto, alinunua runinga kubwa ya 4K ili aone hadi jasho la wachezaji, na siku ya kwanza kweli tuliliona, ila tangu hapo picha inaingia ukungu, inakatikakatika, halafu inaganda na kale kaduara kanazunguka tu, na siku ya fainali alikuwa amealika wenzake wa kiwandani, nimewapikia supu ya soto ya nyama ya nyati, pointi ya mwisho ikaganda kinyoya kikiwa hewani, na jirani yetu Pak Darsono, mwenye runinga kuukuu ya antena, akashangilia upande wa pili wa ukuta kisha akapaza sauti, "Gun! Runinga kubwa kama kabati, habari zinafika kesho?" Wageni wakacheka hadi wakapaliwa na mchuzi, na Mas akainuka akaenda moja kwa moja chumbani kwa mama yangu.

Mama ni kiziwi tangu utotoni, anaongea kwa mikono, na mdogo wake aliyeko Malang ni kiziwi pia, kwa hiyo kila jioni wanapigiana simu ya video, wanasengenya watu, wanacheka, na kwao picha ndiyo sauti. Mas alimkuta katikati ya maongezi, akamnyang'anya simu akaizima, akaniambia, "Mwambie mama yako yeye ndiye anayemaliza intaneti yote. Mechi ikiwepo, hakuna simu." Nami nikamtafsiria, Bu, kwa mikono yangu hii, na mama akaitikia kwa kichwa tu.

Sasa mama haigusi simu hata siku isiyo na mechi, chakula anadonoa, na mama mdogo ananiandikia ujumbe kuuliza kama dada yake anaumwa. Juzijuzi nilimpeleka mama kwa kaka yangu aliyeko Demak abadilishe hewa, tukabaki wawili, na runinga ikaganda vilevile! Nikamuuliza Mas, "Na leo nani kaimaliza?" Akajibu, "Mitambo bado ina uchovu wa maongezi ya mama yako." Mama amesharudi, na Mas anataka kubadilisha nenosiri ili asilipate kabisa. Nikimpinga atasema namvunjia heshima, nikinyamaza mama yangu anabaki bila mtu wa kuongea naye. Nifanyeje?

Retnaningsih, Kudus

*

Retna mwanangu, sikucheki. Pole sana, na mama yako mfikishie pole zangu. Lakini nawe ulikosea: kuna amri za mume ambazo mke mwenye adabu anazikataa palepale, kwa upole, na ile ya kumkataza mama simu ilikuwa mojawapo.

Simu ya video inakula intaneti kidogo sana ukiilinganisha na picha ya 4K. Kumlaumu mama yako ni sawa na kumwambia aliyechota kikombe kwamba amekausha kisima. Ndiyo maana nilikupigia nikuulize modemu iko wapi. Ukaniambia Mas aliificha nyuma ya tangi lake la samaki wiki ile runinga ilipofika, ili nyaya zisionekane. Jamani! Maji yanameza mawimbi ya waifai. Mnamsaka mwizi chumbani kwa mama, kumbe ana mapezi.

Umeshaihamishia juu ya kabati la vyombo, umeizima na kuiwasha, na unasema sasa inaganda mara mojamoja tu. Vizuri, ila msiishie hapo. Nunueni waya wa mtandao, uchomekwe kutoka kwenye modemu hadi kwenye runinga. Ikiganda hata kwa waya, pimeni kasi: 4K inataka kama megabiti ishirini na tano kwa sekunde. Ikiwa pungufu, ibaneni kampuni yenu ya intaneti, au shusheni ubora wa picha. Mchezo ni uleule, jasho mtalikisia. Na Pak Darsono ataendelea kushangilia kabla yenu, kwani matangazo ya intaneti huchelewa kidogo. Hilo halina dawa. Mvumilieni.

Umeniambia kwamba Mas alipoona picha imetulia aliwalisha samaki wake, kisha akasema, "Haya, mwambie mama apige simu yake."

Hapana. Amwambie mwenyewe. Kwa simu uliniambia ameishi na mama yako miaka mingi na hajajifunza ishara hata moja. Leo jioni mfundishe moja tu, ile ya kuomba radhi. Akae mbele ya mama mkwe wake, amtazame usoni, aifanye kwa mikono yake, hata akikosea vidole. Mama atamwelewa.