Mchuzi wa Mtu Mmoja

Masasi,
Juni 1998

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naamini Sophia anakusomea barua hii ukiwa umeshatua ndoo na kupumzisha shingo, maana najua kiangazi kikishaanza, njia ya kwenda bondeni kuchota maji huwa kama imeongezwa urefu. Kifua cha baba kinaendeleaje? Na mikorosho imeanza kutoa maua? Mimi mwilini sijambo, namshukuru Mungu.

Uliuliza kama ni kweli ninajifunza kupika kwenye mashine, kama walivyokuambia watu waliotoka huku. Usicheke, mama. Ni kweli, ila si kwa namna unavyofikiri.

Unajua soko la korosho lilipofunguliwa na wanunuzi binafsi wakaingia, ushirika ulipunguza wafanyakazi, na sisi wapiga chapa tulitangulia kutoka. Sasa kila ofisi inataka mtu anayejua kompyuta, ndiyo maana nikajiunga na darasa hili la kituo cha kompyuta. Mwalimu wetu ni Nikolao, mzaliwa wa Lukuledi. Alitueleza kwamba kompyuta haijui lolote, hufanya kile tu ulichoiambia na kwa mpangilio uleule ulioutoa. Akataka kila mmoja achague kazi ambayo mikono yake inaijua, kisha aieleze kwa lugha ya mashine. Wenzangu walichagua kupanga madaraja ya korosho. Mimi nikachagua mchuzi wako wa nyanya.

Moto niliuandika kama namba. Nyanya nazo namba, na maji yaliyomo ndani yake namba nyingine. Kisha nikaiamuru mashine: punguza maji kwa kadiri ya moto, tazama, kama mchuzi bado mwepesi, rudia, ukiwa mzito, epua, maji yakikauka kabisa, sema umeungua. Hakuna moshi wala harufu, mama. Ni maneno tu yanapita kwenye kioo: unachemka, unachemka, umeiva. Mara ya kwanza nilisahau kuiambia iwashe moto. Tulikaa tukitazama nyanya mbichi hadi jenereta likazimwa. Darasa zima lilicheka, nami nikacheka nao. Nilikuwa nimesahau sauti ya kicheko changu.

Nikolao alinishauri niongeze kikombe cha maji. Nikamwambia, "Mwalimu, kwetu Makote maji tunayapandisha mlima kichwani. Hatuyamwagi kwenye mchuzi. Nyanya inaiva kwa maji yake yenyewe." Akasema basi niandike hivyohivyo, maana mpishi ni mimi.

Mwanzoni mwa programu niliweka swali: wanakula wangapi? Kila nilipoijaribu nilijibu wawili, na mchuzi ukaiva vizuri. Siku ya kuonyesha kazi zetu, Nikolao akaketi yeye mwenyewe, akajibu mmoja. Kioo kikaandika: umeungua. Akajaribu tena, ukaungua tena. Akaniambia taratibu, "Dada Cecilia, nyanya chache hukauka upesi. Moto wako ni wa sufuria ya watu wawili. Hukumfikiria mtu anayekula peke yake?"

Nilitoka nikasimama nyuma ya banda la jenereta, ambapo ngurumo yake hufunika kilio cha mtu.

Sophia mdogo wangu, hapa simama kwanza. Kama baba yupo karibu, mchukue mama jikoni ukamsomee yaliyobaki.

Mama, mume wangu Gasper hayupo. Salamu zake zote nilizokuandikia nilizitunga mwenyewe. Aliwafuata wanunuzi Tandahimba, msimu ukaisha, magari yakarudi bila yeye. Nikamfuata. Nilimkuta ana nyumba, na ndani ya nyumba yupo mwanamke mjamzito. Aliniona nina mfuko mkononi na vumbi la safari, akaja kunipokea kwa furaha, akaniita wifi. Alidhani mimi ni dada yake Gasper. Gasper alitazama chini, hakumsahihisha. Nami sikumsahihisha. Nilikunywa maji aliyonipa, nikamshukuru, nikaenda kutafuta gari la kurudi.

Sikukuambia, na si kwa aibu tu. Kila ulipomuulizia Gasper, ilikuwa kama bado tunaishi wawili, japo ndani ya barua zako.

Programu nimeirekebisha: akila mmoja, moto upungue. Kwenye kioo sasa unaiva. Chumbani kwangu bado sijapika; nakunywa chai na muhogo wa kuchemsha ninaouziwa barabarani, kisha nalala.

Usije kunichukua, mama. Kituo kimenipa kazi ya kuwafundisha wanaoanza, nami nimekubali. Nakuomba tu umzuie baba asiende Tandahimba. Yule mwanamke hana kosa, wala hajui kitu. Nikikumbuka alivyonishika mkono, naogopa siku atakayokuja kujua, naye atakuwa na mtoto mgongoni.

Nisalimie sana baba, na umwambie kwa wakati utakaouona wewe unafaa. Wasalimie na jirani zetu wote.

Barua zako huja kwa jina la Gasper, nami huwa nazichukua posta kana kwamba nimetumwa na mume wangu. Ijayo, mwambie Sophia aandike jina langu juu ya bahasha.

Ni mimi mwanao,
Cecilia